Msimtazame Tartuffe peke yake

Ndugu wasomaji, juu ya mchezo wa Molière uitwao Tartuffe nasikia maneno ya namna mbili, na sipendezwi na haya wala na yale.

Wa kwanza ni wakristu wema, wazee wa sala. Wao husema: mchezo huu unaicheka dini. Unamwonyesha mtu apigaye magoti kanisani, kumbe ni mwizi tena mzinzi. Vijana wakiutazama watawadhania wote wanaosali kuwa ni wezi. Basi usichezwe katika parokia. Wa pili ni wasomi wetu, wale waliousoma shuleni pamoja na Kifaransa chao. Wao wanaupenda, lakini kwa sababu ileile ambayo wazee wanauchukia. Wakimwona mtu ashikaye rozari njiani wanagusana kwa kiwiko na kunong'ona, "Tartuffe huyo!"

Wazee wanaogopa na wasomi wanacheka, lakini wote wamekaa kwenye benchi moja wakimtazama mtu mmoja tu, yule mnafiki. Mimi nasema wanamtazama asiye mkubwa. Mkubwa wa mchezo huu ni baba wa nyumba aliyemkaribisha mnafiki, akamlisha, akampa mamlaka juu ya mke na watoto, kwa sababu alikuwa na haja naye. Jina lake Orgon. Nitaonyesha jambo hili kwa mchezo wenyewe, si kwa fikira zangu tu.

Kwa ajili ya wasiousoma, habari kwa ufupi ni hii. Orgon, tajiri wa Paris, amemtoa kanisani maskini mmoja aitwaye Tartuffe na kumweka nyumbani mwake kama mwongozi wa roho. Mama yake Orgon, bibi Pernelle, anamsifu naye. Wengine wote hawadanganyiki: mkewe Elmire, mwanawe Damis, binti yake Mariane, shemeji yake Cléante, na mtumishi Dorine mwenye ulimi mkali. Orgon anavunja uchumba wa Mariane na kijana Valère, anataka kumwoza kwa Tartuffe. Anamfukuza Damis. Anaandika hati ya kumpa Tartuffe mali yake yote. Tartuffe naye anamtamani Elmire. Anapofichuliwa anageuka, anataka kuwatoa wenye nyumba nje kwa hati ileile, kisha anamshitaki Orgon kwa mfalme. Mwishoni afisa wa mfalme anafika, na anayefungwa ni Tartuffe.

Wazee wanaoukataza mchezo wasidhani kwamba wao ni wa kwanza. Ulipochezwa mara ya kwanza mbele ya Mfalme Louis wa 14 huko Versailles, tarehe 12 Mei 1664, ulikatazwa mara moja usichezwe mbele ya watu wote. Paroko mmoja wa Paris, Pierre Roullé, aliandika mwaka uleule kwamba Molière ni shetani aliyevaa mwili wa mtu na kwamba astahili moto. Molière akamlalamikia mfalme kwamba padri huyo amehukumu mchezo asiouona. Akasema pia kwamba mjumbe wa Papa alikuwa ameusikia ukisomwa, naye hakuona ubaya. Tarehe 5 Agosti 1667 akajaribu tena kwa jina jingine. Kesho yake ukakatazwa, na siku chache baadaye Askofu Mkuu wa Paris akatoa amri: atakayeucheza, kuusoma au kuusikiliza, hata faraghani, atatengwa na Eklezya. Ruhusa ilipatikana tarehe 5 Februari 1669. Ndiyo kusema mchezo ulingoja karibu miaka mitano.

Siwacheki wakubwa wale. Kazi yao ilikuwa kulinda kundi. Lakini tazameni walichokiogopa: waliogopa kwamba watu watamchanganya Tartuffe na padri. Kumbe Tartuffe si padri. Hana daraja yoyote takatifu. Orgon anataka kumpa binti yake awe mkewe! Katika mchezo wa mwaka 1667 Molière alimvika upanga, nywele ndefu na nguo zenye nakshi, kusudi kila mtu aone kwamba ni mlei. Zaidi ya hayo, katika dibaji ya mwaka 1669 anaeleza kwamba alitumia sehemu mbili nzima za mchezo, katika tano, kumtayarisha yule mwovu kabla hajaingia, ili mtazamaji asiwe na shaka hata dakika moja.

Hapo ndipo nawauliza wasomi. Sehemu mbili nzima Tartuffe hayupo. Ni nani basi anayejaza mchezo muda huo wote? Ni Orgon. Tena Molière alikuwa mkubwa wa kikundi chake, angeweza kuchagua kazi aliyoitaka. Kazi ya Tartuffe alimpa mchezaji aitwaye Du Croisy. Yeye mwenyewe alicheza Orgon.

Tuingie sasa nyumbani. Orgon anarudi kutoka shamba baada ya siku mbili. Anamwuliza Dorine habari za watu. Dorine anajibu kwamba bibi amekuwa na homa na kichwa kinamwuma. Orgon anauliza: na Tartuffe? Tartuffe ni mzima, mnene, midomo myekundu. Orgon anamhurumia: maskini! Bibi hakuweza kula. Na Tartuffe? Tartuffe alikula kwale wawili na nusu ya paja la kondoo. Maskini! Bibi hakulala usiku. Na Tartuffe? Alilala fofofo. Maskini! Mara nne swali lilelile, mara nne huruma ileile. Watu hucheka sana hapa, na wana haki. Wengi husema baadaye: Orgon ni mpumbavu.

La, si mpumbavu. Molière ametuzuia kusema hivyo. Mapema kabisa Dorine ameeleza kwamba wakati wa fujo za Ufaransa zilizoitwa Fronde, kati ya 1648 na 1653, bwana huyu alionekana mtu wa busara, akamtumikia mfalme wake kwa uhodari. Basi ni mtu mwenye akili aliyeamua kutoitumia. Kwa nini? Swali hilo ndilo mchezo wenyewe, na anayelijibu kwa neno "upumbavu" amefunga kitabu kabla ya kukifungua.

Sikilizeni Orgon mwenyewe anavyosimulia jinsi walivyojuana. Kila siku Tartuffe alikuja kanisani kupiga magoti mbele yake kabisa. Alivuta pumzi kwa kelele hata watu wote wakageuka kumtazama. Orgon alipotoka, yule alikimbia mbele kumpa maji ya baraka mlangoni. Alipopewa sadaka alirudisha sehemu, na isipopokewa aliigawa kwa maskini mbele ya macho ya mtoaji. Siku moja alijishitaki kwamba wakati wa sala alimwua kiroboto kwa hasira mno. Mtu mwenye akili angecheka. Orgon hakucheka, maana alikuwa amepata kitu alichokitafuta: mtakatifu wake mwenyewe, aliyepiga magoti kana kwamba ni mbele yake yeye. Kisha anajisifu kwamba mafundisho ya mtu huyo yamemtoa katika mapendo yote, hata angewaona ndugu, watoto, mama na mke wakifa bila kujali. Anasema hayo kwa furaha. Shemeji yake anashangaa. Mimi katekista siwezi hata kushangaa, ninatetemeka, kwa sababu katika Eklezya tunayo mafundisho ya kweli ya kujikatalia, na Orgon ameyachukua maneno yake na kuyapindua.

Onyesho linalovunja moyo zaidi halina Tartuffe ndani yake. Liko katika sehemu ya nne. Mariane anampigia baba yake magoti. Hadai Valère tena. Anaomba tu asiozwe kwa mtu anayemchukia, afadhali apelekwe utawani amalize siku zake huko. Na Orgon, ndugu zangu, anaanza kulainika! Mchezaji mwema ataonyesha uso wake ukibadilika. Ndipo anajiambia moyoni: kaza moyo, usiwe na udhaifu wa kibinadamu. Kisha anamjibu binti kwamba ndoa hiyo itamsaidia kuzitesa tamaa za mwili wake.

Soma mara mbili. Baba analiita pendo lake kwa mtoto "udhaifu", na mapenzi yake mwenyewe anayaita toba ya mtoto. Hatujafundishwa hivyo. Anayefunga chakula hufunga chakula chake, si cha jirani. Orgon anamtolea Mungu sadaka, lakini kinachochinjwa si chake. Na hapo Tartuffe hayuko chumbani, hamnong'onezi neno. Ni Orgon mwenyewe mbele ya mtoto wake.

Katika mwisho wa sehemu ya tatu alikuwa amekwisha kujionyesha. Damis amejificha katika chumba kidogo, amesikia kwa masikio yake Tartuffe akimtongoza mama yake wa kambo. Anamwambia baba. Tartuffe anafanya nini? Anakiri! Anasema kwamba yeye ni mwovu, mkosefu, amejaa uchafu, afukuzwe kama mhalifu. Kila neno ni kweli tupu, na Orgon anaona ndani yake unyenyekevu wa mtakatifu. Anamlaani mwanawe, anamnyima urithi. Halafu anatoa neno ambalo wengi hulipita haraka: anamwamuru Tartuffe aonekane na bibi saa zote, kwa sababu kuwaudhi watu ndiyo furaha yake kubwa. Ameisema mwenyewe hamu yake. Anataka kuwa bwana nyumbani mwake, anataka wote wamwogope, na anataka mbingu ziwe upande wake. Mke anaweza kumjibu, mtoto anaweza kumlilia, mtumishi anaweza kumcheka. Lakini nani atabishana na Mungu? Tartuffe alimletea Mungu wa namna hiyo, anayesema kila mara kile Orgon anachokitaka.

Nafika kwenye meza. Wasiojua mengine ya mchezo huu huijua meza. Elmire, mwanamke mwenye akili na utulivu, anamficha mumewe chini ya meza yenye kitambaa, anamwita Tartuffe na kujifanya amemkubali. Amemwambia mumewe wazi: utatoka wakati utakapoona imetosha. Tartuffe anaomba, anasogea, anahubiri kwamba na mbingu huweza kupatana mtu akijua njia. Elmire anakohoa. Anakohoa tena. Chini ya meza kimya. Mke yuko hatarini kabisa na mume hatoki. Mwishoni Elmire anamwomba Tartuffe aende kuangalia nje kama mumewe yupo, naye anajibu kwamba hakuna haja, mume huyo ni mtu wa kuvutwa kwa pua. Anaenda kuangalia hata hivyo, na hapo ndipo Orgon anatoka.

Wachezaji wengine huonyesha Orgon ameduwaa tu, hawezi kusogea. Sikatai kwamba yawezekana. Lakini tazameni mpango wa maneno. Alisikia heshima ya mkewe ikichezewa, akakaa. Alisikia jina la Mungu likitumiwa kama kifuniko cha dhambi, akakaa. Akaja kusikia yeye mwenyewe anadharauliwa, akatoka. Molière hakuweka neno hilo mwisho kwa bahati.

Kuna pia sanduku dogo. Rafiki wa Orgon aliyekimbia nchi kwa sababu ya mambo ya serikali alimwachia barua zake za siri. Orgon alizitia mikononi mwa Tartuffe. Kwa nini? Anaeleza mwenyewe kwa aibu katika sehemu ya tano: Tartuffe alimshauri kwamba akiulizwa na wakubwa ataweza kuapa kuwa hana barua hizo, na dhamiri yake itakuwa safi. Mnaona? Orgon alitaka kusema uwongo bila dhambi, na akampata mtu wa kumtengenezea njia. Huyu si kondoo aliyenaswa na mbwa mwitu. Ni mnunuzi aliyeingia dukani akijua anachokitaka, akalalamika baadaye juu ya bei.

Na neno hili linatuhusu sisi hapa. Katika kazi yangu nimeketi katika nyumba zaidi ya moja ambamo baba aliuza kiwanja cha watoto ili ampe mtu wa maombi. Nimeona mama mgonjwa akinyimwa dawa kwa sababu ndoto ya mwombezi imekataza. Nimeona mtoto akiitwa mchawi na kufukuzwa, na baba yake amesimama mlangoni akisema kwamba si yeye, ni Mungu amesema. Yule mwombezi akishakimbia na fedha, mtaa mzima unamtukana kwa wiki mbili. Hakuna anayemwuliza baba: wewe ulinunua nini kwake? Ulimpa kiwanja; yeye alikupa nini ndani ya nyumba yako hata ukaona ni bei nzuri? Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Lakini nguo, ndugu, umeivaa wewe.

Ndiyo sababu nawaambia wazee: mchezo huu hauwafundishi vijana kuwacheka wanaosali. Unawafundisha baba wa nyumba kujiuliza wanamsalia nani. Wasomi nao, wanaomtafuta Tartuffe barabarani kati ya wenye rozari, wasome tena mwanzo wa sehemu ya tano. Orgon, amekwisha kudanganyika, anaapa kwamba tangu leo atawachukia watu wema wote na kuwakimbia. Cléante anamkemea: jana ulimwamini mwizi kwa sababu alisali, leo utamhukumu mwenye haki kwa sababu anasali, hujui kukaa katikati? Msomi wetu anadhani yuko upande wa Molière. Yuko upande wa Orgon, siku ya pili.

Huyo Cléante, nikiri, ananichosha kidogo. Anasema vizuri, anasema kwa haki, anasema kirefu mno, na nyumbani hakuna anayemtii. Aliyeona yote mapema ni Dorine, mtumishi, na aliyethubutu kutenda ni Elmire. Lakini msiyakate maneno ya Cléante kama wafanyavyo wachezaji wenye haraka, hasa lile anapotofautisha wasalio kweli na wasalio kwa kuonekana. Mkiyakata, mtawapa wazee sababu ya kulalamika, na watakuwa na haki.

Wachezaji wa Ulaya nao wamekwisha kugundua kwamba ufunguo uko kwa Orgon. Mwaka 1962 Roger Planchon aliucheza mchezo huu nchini Ufaransa akimweka Orgon katikati, mtu aliyeshikwa na mapendo kwa Tartuffe kuliko anavyojua mwenyewe. Aliona vema, ingawa kwangu mimi Orgon anapenda utawala zaidi kuliko anavyompenda mtu. Mwaka 1995 Ariane Mnouchkine na kikundi chake, Théâtre du Soleil, waliuhamishia katika nchi ya Waislamu washika dini kwa ukali. Sidharau kazi hiyo. Lakini neno moja linanisumbua. Mwaka 1664 wakatoliki wa Paris walipiga kelele kwamba wameguswa wao. Walikosea kuukataza, lakini walikuwa wamejiona. Ukiwavika watu wa mchezo nguo za dini ya wengine, mtazamaji wa Paris anarudi nyumbani akiwahurumia wageni, na yeye hakuguswa.

Orgon naye anapewa kioo chake. Anarudi kumweleza mama yake kwamba ameona, kwa macho yake mwenyewe, ameona! Bibi Pernelle anajibu kwamba watu wema husingiziwa daima, kwamba macho hudanganya. Orgon anakasirika hata karibu apasuke. Dorine anamkumbusha kwamba ni zamu yake: hakutaka kusadiki, sasa hasadikiwi.

Na mwisho, Tartuffe anaposhikwa, Orgon anamgeukia kumtukana. Cléante anamkata maneno. Anamwomba asijishushe, amwache maskini yule na bahati yake mbaya, na badala ya kumsimanga amtakie aongoke. Orgon hamalizi tusi lake. Nilipokuwa seminarini tuliucheka mchezo hadi hapo, na hapo tulinyamaza.

Vijana wa parokia wakiruhusiwa kuucheza, nawaomba wasimpe Orgon yule mchekeshaji wa kikundi. Wampe mtu mzima wanayemheshimu, baba wa watoto, mwenye sauti ya kuamuru. Tartuffe atapatikana kwa urahisi. Meza iwe kubwa, ya kumficha mzee huyo bila kuumia magoti, na kitambaa chake kifike chini.